Simu Moja, Darasa Zima: Namna ya Kufundisha Saketi za Umeme kwa Kura na Mjadala

Mwalimu wa Fizikia mwenye darasa kubwa na simu moja tu, tena ya kwake mwenyewe, anaweza kuwafanya wanafunzi wote wafikiri badala ya kuwategemea wale watatu wa mbele wanaonyoosha mikono kila siku. Njia inayofaa ni ya kura na mjadala, ile ambayo mwalimu wa fizikia Eric Mazur alianza kuitumia katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1991, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake walikokotoa hesabu ngumu za saketi huku wakikwama kwenye maswali mepesi ya dhana.

Anza kwa kuandaa swali, kwa sababu swali baya haliokolewi na programu yoyote. Mfano mzuri ni huu: balbu mbili zinazofanana zimeungwa kwa mfuatano kwenye betri, ipi itawaka zaidi? Jibu A liwe balbu iliyo karibu na ncha chanya, B iliyo karibu na ncha hasi, C zote sawa, na D hakuna itakayowaka. Jibu sahihi ni C, lakini wapo watakaochagua A wakidhani kwamba balbu ya kwanza hula mkondo wa umeme na kuiachia ya pili makombo. Dhana hiyo ndiyo unayoiwinda.

Kwa kura, tumia Plickers, programu ya simu inayosoma kadi za karatasi. Kila kadi ya karatasi ina mchoro wake, na mwanafunzi huigeuza ili herufi aliyoichagua iwe juu, kisha mwalimu huzisoma kadi zote kwa kamera ya simu. Zichapishe kwenye karatasi isiyong'aa, kwani mwanga wa dirishani ukirudi kutoka kwenye kadi huitatiza kamera. Kama wanafunzi ni wengi kuliko kadi, kila dawati litumie moja.

Usitangaze jibu baada ya kura ya kwanza. Waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70 hivi, waambie wageukie dawati la nyuma na kila upande ujaribu kuushawishi mwingine, kisha wapige kura tena. Wakiwa wachache zaidi, rudi ufundishe kwanza. Waruhusu wabishane kwa Kiswahili hata katika sekondari zetu za Tanzania zinazofundisha kwa Kiingereza, maana anayelazimishwa kubishana kwa lugha asiyoimudu atanyamaza, nawe utadhani amekubali.

Sasa thibitisha kwa vifaa halisi: betri mbili za tochi zenye volti 1.5 kila moja, nyaya, na balbu mbili za aina moja. Zijaribu kabla ya kipindi, kwa kuwa balbu zenye tofauti ndogo zitawapa ushindi waliochagua A; ukiona moja inazidi, zibadilishane nafasi mbele ya darasa, nao wataona mwanga mkali ukihama pamoja na balbu yenyewe. Kwa kisichoonekana kwa macho, fungua kielelezo cha kidijitali cha saketi cha PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambacho unaweza kukipakua mapema ukakitumia bila intaneti. Weka ameta, yaani kipimo cha mkondo wa umeme, kabla na baada ya balbu, na wanafunzi wa kila kundi waje wasome namba ileile pande zote mbili.

Kabla hujafungua saketi, uliza: balbu moja ikitolewa, nyingine itaendelea kuwaka? Wapige kura kwanza, ndipo uitoe.