Boti ikilalia upande, mtafute DJ

Ukipanda boti ya starehe pale Ggaba au Munyonyo, kwenye Ziwa Victoria huko Kampala, kaa karibu na DJ. Watu wakikimbilia ukingo mmoja kupiga picha za machweo, mwombe azime muziki na awaambie warudi katikati polepole, wachache wachache. Nahodha akipiga kelele hasikiki, na waliokunywa hawahisi boti inalala, lakini muziki ukikatika kila mtu hugeuka. Polepole ndilo neno lenyewe: wakishtuka wakahamia upande wa pili kwa pamoja, boti huyumba vibaya zaidi, hasa kama wengi wako sitaha ya juu, maana uzito ukiwa juu boti hupinduka upesi.

Hili halisaidii boti iliyojaa kupita kiasi au inayoingiza maji. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama ziwani humo upande wa wilaya ya Mukono, wakafa watu zaidi ya 30. Hesabu majaketi ya uokoaji kabla ya kupanda. Yakiwa machache kuliko abiria, shuka, hata kama umeshalipa. Lako livae na ulifunge tangu gatini, jamani, hata kama linaficha nguo yako nzuri.