Kwenda maporomoko ya Amani na kurudi Tanga siku hiyohiyo

Inawezekana kabisa kutoka Tanga mjini, ukazunguka msitu wa Amani kule milima ya Usambara, ukaona maji yanavoporomoka na usiku ukalala kwako, ila uamke mapema. Saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshafika stendi ya Kange unatafuta gari la Muheza, ni kama kilometa 35 tu hapo. Ukishuka Muheza nunua machungwa, maandazi na mayai ya kuchemsha, usitegemee utakula huko juu. Alafu tafuta boda mzoefu wa ile barabara ya milimani, elewaneni nauli ya kwenda na kurudi kabisa na namba yake uchukue, maana jioni usafiri kule ni shida na mtandao unakatakata.

Getini Zigi utajiandikisha, utalipia, utapewa mwongozaji. Mwongozaji usimkwepe jamani. Njia zinapishana sana na yeye ndo anakuonyesha mbega juu ya mti, kinyonga ambaye wewe ungempita tu, na yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye miamba yenye unyevu, Saintpaulia, ambayo watu Ulaya wanayafuga kwenye vyungu dirishani na kwao asili ni hapa Usambara. Mwambie unataka njia ya maporomoko ya Derema, mtapita na mashamba ya chai.

Kuvaa: raba yenye meno au buti, ndala acha nyumbani. Suruali ndefu na uichomekee ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, wakishapanda mguuni utavua nguo mbele za watu. Beba koti la mvua hata kama Tanga jua linawaka, kule mvua haina habari na jua la pwani. Masika, Machi mpaka Mei, mimi nakushauri usiende, njia inakuwa tope tupu.

Sasa kwenye maji hapo ndo naomba unisikilize vizuri. Mawe yana ukoga, yanateleza kama yamepakwa sabuni, kwahiyo usipande juu ya poromoko kutafuta picha, picha piga ukiwa chini. Na uangalie rangi ya maji kila saa, yakianza kubadilika kuwa ya udongo au yakaanza kushusha majani na vijiti vingi ujue huko juu mvua imenyesha, toka muda huohuo hata kama hapo ulipo ni jua kali, usisubiri kumalizia chungwa.

Kingine, usioge na sabuni wala usifue kitu. Vijito vya huku vinashuka Mto Zigi, Zigi inaingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndo maji ya bomba tunayokunywa Tanga. Nilishakuta watu wanaosha vyombo na sabuni ya unga palepale chini ya poromoko, niliumia sana, hayo maji mama zetu Ngamiani wanayapikia. Maganda na chupa rudi navyo kwenye begi.

Saa tisa alasiri anza kugeuza. Chini ya miti giza linaingia mapema kuliko barabarani, na boda wako mpigie mkiwa bado sehemu yenye mtandao, msisubiri mpaka mfike getini.