Namna ya Kutengeneza Bia ya Sprusi kwa Kanuni ya Mwaka 1796

Mnamo Novemba 1775, Kongresi ya makoloni ya Marekani ilipopanga posho ya askari wake, ilimgawia kila mmoja kwati moja kwa siku, yaani karibu lita moja, ya bia ya sprusi, mti wa jamii ya msonobari, au ya kinywaji cha matofaa kilichochachuliwa. La sivyo, kila kombania ya watu 100 ipewe kwa juma galoni 9 za molasi, yaani maji mazito meusi ya miwa yanayobaki sukari ikitengenezwa. Agizo hilo linaonyesha wazi bia hiyo ilitoka wapi: kwenye molasi, si kwenye kimea. Kuandaa kimea cha shayiri kulihitaji nafasi, moto wa kukaushia na ujuzi ambao kaya nyingi za mashambani hazikuwa nao, ilhali molasi ilifika bandarini kwa mapipa kutoka visiwa vya Karibi, ambako watumwa waliikamua kwa jasho na damu yao. Hata huko Monticello, shambani kwa Thomas Jefferson, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, ambako bia ya kimea ilipikwa kwa ustadi, kazi hiyo ilifanywa na mtumwa, Peter Hemings, aliyeanza kuisomea mwaka 1813.

Kanuni nitakayoifuata hapa ilichapishwa na Amelia Simmons mjini Hartford, Connecticut, mwaka 1796, katika kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha mapishi kilichoandikwa na Mmarekani. Yeye anataka aunsi 4 za hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, galoni 17 za maji kwa jumla, galoni 2 za molasi, aunsi 8 za dondoo la sprusi na nusu painti ya chachu. Ukigawanya vipimo hivyo kwa 16, unabaki na kiasi cha kutosha sufuria moja: gramu 7 za maua makavu ya hopsi, lita 4 za maji na takriban nusu lita ya molasi.

Chagua molasi kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Isiwe na salfa, kwa sababu salfa huidhoofisha hamira, wala isiwe ile nyeusi tititi ya mkamuo wa mwisho, ambayo ina sukari kidogo na uchungu mwingi. Dondoo la sprusi linalouzwa siku hizi hutofautiana mno kwa ukali, kwa hiyo fuata maelekezo ya chupa yako, si aunsi za Simmons. Ukipata machipukizi mabichi ya majira ya kuchipua, gramu 50 hivi zinatosha, lakini usiyachume kama huna uhakika na mti wenyewe, maana upo mti uitwao yuu unaofanana nao kwa majani na ambao ni sumu.

Chemsha hopsi, pamoja na machipukizi kama ndiyo unayotumia, katika lita moja ya maji kwa nusu saa, kisha chuja. Mimina molasi ndani ya maji hayo yakiwa bado moto, ukoroge mpaka isibaki hata tone limegandamana chini, ndipo uongeze maji yaliyobaki na, kama unatumia dondoo, ulitie sasa.

Hatua inayofuata ndiyo inayowapoteza wengi. Simmons anataja chachu kwa neno la nyumbani lililomaanisha mashapo yaliyobaki chini ya pipa la bia au la kinywaji cha matofaa, yakiwa na hamira hai ndani yake. Kila nyumba ilikuwa na mashapo yake, na ladha ya bia ilifuata mashapo hayo. Leo tumia hamira kavu ya bia, nusu kijiko cha chai. Ile ya mkate nayo hufanya kazi, ila huacha harufu ya unga uliochacha. Subiri mchanganyiko upoe hadi nyuzi 25 hivi za Selsiasi, kwa kuwa joto kali huiua hamira, kisha itie na ukifunike chombo bila kukibana, ili hewa ipate pa kutokea. Kwa kawaida, kufikia kesho yake juu patakuwa na povu zito la rangi ya kahawia, nawe ukisogeza sikio utasikia mchachato mwembamba.

Simmons anaiacha bia ifanye kazi juma moja, au pungufu kukiwa na joto, halafu anaitia chupani na kuongeza kijiko kimoja cha molasi katika kila chupa. Hapa simfuati. Kijiko kikubwa hutoa gesi nyingi kupita kiasi, na chupa ya kioo inaweza kupasuka na kumjeruhi mtu vibaya. Hakikisha kwanza kwamba povu limetulia na kwamba kipimo cha haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki, hakijabadilika kwa siku tatu mfululizo. Ndipo utie kijiko kimoja cha chai cha molasi kwa kila nusu lita. Tumia chupa za plastiki za soda, uziache mahali penye joto la kawaida na kuziminya kila siku. Zikiwa ngumu kama jiwe, zipeleke kwenye jokofu mara moja.

Mimina polepole, ukiyaacha mashapo chini ya chupa. Harufu ya utomvu itatangulia, kisha uchungu wa molasi, na utamu utakuwa mdogo kuliko rangi yake inavyoashiria, kwa sababu sehemu kubwa ya sukari imekwisha kuliwa na hamira.