Kupanga ruhusa za diski nyumbani ili hesabu za kikoba zisiguswe

Mimi ni mhazini wa kikoba chetu, na hesabu zote za hisa na mikopo zinakaa kwenye diski D ya kompyuta ya mezani, sebuleni. Diski hiyohiyo ina picha za familia na notisi za shule, na wanangu huzifuata huko kwa kompyuta zao mpakato kupitia Wi-Fi. Notisi wachukue bila kuniuliza. Daftari la mikopo la akina mama wenzangu, hapana, lisifunguliwe na mtu. Haya ni maelekezo ya Windows 11.

Anza na watu kabla ya ruhusa. Kila mmoja awe na akaunti yake kwenye kompyuta yenye diski: Settings, Accounts, Other users. Akaunti za watoto ziwe Standard, yaani za kawaida zisizo na mamlaka ya msimamizi, na kila moja iwe na nywila kamili. Hapa ndipo wengi wanapokwama: PIN inafungua mashine iliyo mbele yako tu, haivuki mtandao, na akaunti isiyo na nywila Windows huikatalia kuingia kutoka mashine nyingine. Mtoto anaandika PIN, anakataliwa, mzazi anachoka na kumfungulia Everyone, yaani watu wote, kila kitu, wakati nywila tu ndiyo iliyokosekana. Hakikisha pia Wi-Fi ya nyumbani imewekwa Private network.

Kisha gawa diski kwa folda. Zangu ni Masomo, Picha na Vikoba. Siruhusu diski nzima ionekane mtandaoni, na folda za Windows kwenye diski C sizigusi kamwe. Ukivuruga umiliki wake, kompyuta yenyewe inaweza kugoma.

Folda inayoonekana mtandaoni ina ruhusa za aina mbili. Za Sharing zinamhusu anayekuja kwa mtandao; za Security zinamhusu kila mtu, hata aliyeketi mbele ya kompyuta yenyewe. Ni kama geti na mlango wa chumba: aliyepita getini bado anakuta kufuli chumbani. Ruhusa iliyo finyu kati ya hizo mbili ndiyo inayomshika anayekuja kwa mtandao. Kwa hiyo mtoto akiwa na Modify (kusoma, kubadili na kufuta) kwenye Security na bado hawezi kuhifadhi faili, tazama Sharing: kwa kawaida Windows huanza na Everyone asome tu.

Kwa Masomo, bofya kulia, chagua Properties, Sharing, Advanced Sharing, weka alama kwenye Share this folder, halafu Permissions. Ondoa Everyone, ongeza majina ya watoto, wape Change. Nenda Security, Edit, Add, andika jina, bonyeza Check Names, wape Modify. Full control usiwape, maana inaruhusu hata kubadili ruhusa zenyewe. Picha ni vilevile, ila kwenye Sharing inatosha Read.

Vikoba haiwekwi mtandaoni kabisa, lakini hilo peke yake halitoshi. Watoto huketi pia kwenye kompyuta ya mezani, na diski ya pili kwa kawaida huja na Authenticated Users, yaani kila mwenye akaunti, wakiwa na uwezo wa kubadili na kufuta. Fungua Security, ongeza jina lako kwanza na ulipe Full control. Kisha Advanced, Disable inheritance, ili folda isirithi tena ruhusa za diski, na uchague Convert, zilizopo zibaki kwenye folda na ziweze kuondolewa. Sasa ondoa Authenticated Users na Users. Wabaki SYSTEM (Windows yenyewe), Administrators (wasimamizi wa kompyuta) na wewe. Alama za Deny ziache. Deny ukimwekea Everyone, umejifungia na wewe nje.

Huoni Security? Diski hiyo huenda imeumbizwa kwa mfumo wa faili wa FAT32 au exFAT, kama flashi nyingi, na hiyo haitunzi ruhusa za namna hii, unatakiwa mfumo wa NTFS. Ukiona S-1-5-21 na tarakimu ndefu mahali pa jina, diski ilitoka kwenye kompyuta nyingine au akaunti ilishafutwa.

Mwisho, jaribu. Kwenye Advanced kuna Effective Access: chagua jina la mtoto uone anachoweza. Kisha chukua kompyuta yake, ufungue Masomo, uhifadhi faili moja na kuifuta. Ikikataa baada ya nywila kubadilishwa, fungua Credential Manager kwenye kompyuta hiyo ya mtoto, ufute nywila ya zamani iliyohifadhiwa, uingie upya.