Kutoka Tanga kwenda Mombasa kwa basi: anza na hati na sindano, tiketi ije mwisho

Kwetu Tanga, Mombasa hatuihesabu ugenini. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka, na ni nyumba chache zisizo na shangazi au binamu aliyeolewa ng'ambo. Kwa hiyo wengi tunajiandaa kama tunaokwenda Pangani: begi, tiketi, safari. Mimi nilijiandaa hivyo na nikaikosa harusi ya binamu yangu. Utaratibu wenyewe si mgumu, ila una mpangilio wake, na ukiuvuruga hakuna wa kukusaidia.

Mpangilio ni huu: hati ya kusafiria, chanjo ya homa ya manjano, siku kumi za kungoja, kisha tiketi.

Tuanze na hati. Kitambulisho cha NIDA hakitoshi. Wengi hudhani kinatosha kwa sababu wamesikia Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho chake tu. Ni kweli, Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana hivyo na raia wao wanavuka kwa vitambulisho tangu 2014, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Unahitaji pasipoti, ambayo ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10, au Hati ya Dharura ya Safari kama haja yako ni safari za karibu tu. Maombi yanajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, unapata namba ya malipo, unalipa, unachapisha fomu na kuipeleka ofisini pamoja na viambatisho vyako. Hayo mnayajua.

Ninalosisitiza hapa ni jina. Kabla hujajaza chochote, weka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA mezani uvisome herufi kwa herufi. Changu kimoja kiliandikwa Mwanaisha, kingine Mwanaaisha. Kijana wa steshenari aliyenijazia fomu alichukua lile la cheti bila kuniuliza, nami nikalipa bila kusoma. Fomu ilirudishwa, nikaenda kwa wakili kula kiapo cha majina, wiki nzima ikapita. Kama majina yako hayalingani, kiapo kiwe hatua ya kwanza kabisa.

Sasa sindano, na hapa naomba usome taratibu.

Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya maambukizi ya homa ya manjano, na Tanzania inamtaka anayeingia kutoka nchi hizo aonyeshe kadi ya chanjo. Agizo hilo linakuhusu hata wewe unayerudi kwako. Hivyo kadi unaihitaji hata kama wakati wa kwenda hakuna aliyekuuliza. Chanjo hutolewa katika vituo vilivyoidhinishwa, si kila zahanati, basi uliza kwanza kabla ya kupanga foleni. Nenda na hati yako ya kusafiria ili jina kwenye kadi lilingane nayo.

Kadi ile haifanyi kazi siku unayochomwa. Inaanza kutambulika siku ya kumi baada ya sindano, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kujenga kinga. Tarehe ya kuanza inaandikwa humohumo kwenye kadi. Mimi nilichomwa Jumanne, harusi ilikuwa Jumapili. Muuguzi aliandika kila kitu sawasawa, nami nikaikunja kadi nikaitia mkobani kwa furaha kwamba nimemaliza. Ijumaa alfajiri, stendi, konda akakusanya nyaraka za abiria kuzikagua. Alipofika kwangu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, hii kadi bado haijaanza kazi. Nikikupakia, tutakwama wote." Nilimsihi. Akanionyesha tarehe kwa kidole. Basi likaondoka, nauli haikurudi, nami nikarudi nyumbani na begi langu na zawadi za bibi harusi. Nilipofika Mombasa, fungate ilikuwa imeshakwisha. Shangazi alikuwa ameniwekea leso ya sare ya harusi, mpya, haijakatwa hata katikati. Nililia.

Ukishachanjwa mara moja, basi. Tangu Julai 2016 kadi inatambulika maisha yako yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10. Itunze kama cheti cha ndoa. Watoto wasiofikisha miezi 9, wajawazito, wenye mzio mkali wa mayai na wenye kinga dhaifu wamwone daktari kwanza. Akishauri wasichanjwe, awaandikie cheti cha kusamehewa, nacho kisafiri pamoja nao.

Zikishatimia siku kumi, kata tiketi.

Barabara ya Tanga hadi Horohoro ni lami, kilomita kama 65. Mpaka wenyewe ni kituo cha pamoja: ukitoka Tanzania unahudumiwa upande wa Kenya, Lunga Lunga, na ukirudi unahudumiwa Horohoro. Wengi huchanganyikiwa hapo. Ndani ya jengo moja mna madirisha ya nchi mbili. Kwanza dirisha la Tanzania, ugongewe muhuri wa kutoka, kisha la Kenya, ugongewe wa kuingia. Hesabu mihuri yako kabla hujatoka mlangoni. Mama mmoja tuliyekuwa naye alipita la Kenya peke yake kwa kuwa lilikuwa na foleni fupi, na ilibidi tumngoje arudi ndani tulipokwisha kupanda basi. Raia wa Afrika Mashariki halipi viza, na kwa itifaki ya soko la pamoja anaweza kupewa hadi miezi sita. Sema wazi unakwenda kwa nani na kwa siku ngapi, kisha soma siku ulizoandikiwa.

Mfuko wa rambo usivuke nao. Kenya iliupiga marufuku 2017. Fedha usibadilishe kwa anayekufuata dirishani mwa basi.

Mtu anayeshukia Likoni avuke kwa feri, waendao kwa miguu hawalipi, kisha achukue tuktuk hadi Mji wa Kale. Jipe siku mbili nzima. Anza Ngomeni, yaani Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kuchukuliwa na Waomani 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Onyesha hati yako unapolipa kiingilio, maana Mwafrika Mashariki hatozwi bei ya mgeni wa mbali. Kutoka hapo shika Ndia Kuu kwa miguu, tazama milango ya nakshi, ufike Msikiti wa Mandhry wa mwaka 1570. Vaa kwa heshima, na kabla ya kupiga picha ya mlango wa mtu, bisha hodi. Mimi nilibisha, nikakaribishwa mahamri na mbaazi, na tulipoulizana ukoo tukakuta bibi yake alizaliwa Moa, huku kwetu.

Wakati wa kurudi, hesabu mihuri miwili tena, safari hii Horohoro. Kadi ya chanjo iwe ndani ya pasipoti, kwenye mkoba wa mkononi. Begi kubwa litakuwa limefungiwa kwenye buti ya basi, na afisa wa afya huwa anasimama kabla hujalifikia.