Bodi ya HOA ikikaa kimya: namna ya kuilazimisha iketi kwa sheria ya Florida

Umeiandikia bodi ya HOA, yaani chama cha wenye nyumba wa mtaa wako, barua pepe tatu kuhusu uzio ulioanguka na hakuna aliyejibu. Usiandike ya nne. Sura ya 720 ya sheria za Florida inawapa wenye nyumba njia ya kuliingiza jambo lao kwenye ajenda kwa ombi lenye saini zao, bodi itake isitake. Kama unaishi kwenye ghorofa la kondo, acha kusoma: wewe uko chini ya Sura ya 718, na taratibu zake ni nyingine.

Hesabu kura kwanza. Hati ya masharti ya mtaa imesajiliwa katika kumbukumbu za kaunti, hivyo huna haja ya kuiomba kwa bodi. Isome uone kura zinavyogawanywa. Kwa kawaida kiwanja kimoja ni kura moja, kwa hiyo mume na mke wakisaini wote wawili bado ni kura moja, na saini ya mpangaji haihesabiki. Hapa ndipo maombi mengi yanapofia. Orodha ya wanachama iombe kwa maandishi, kwa barua ya posta yenye risiti ya kupokelewa. Chama kina siku 10 za kazi kukupa nafasi ya kuikagua. Zikipita, sheria inachukulia kuwa wamekunyima makusudi mpaka wao wathibitishe vinginevyo, na unaweza kudai dola 50 kwa siku, mwisho siku 10.

Andika ombi lenye jambo moja. “Tunataka uwazi” ni sentensi ambayo bodi itaijadili kwa dakika mbili na kuifunga. Andika hivi: “Bodi ipige kura kama itatafuta bei za makandarasi watatu wa kutengeneza uzio wa lango la kaskazini.” Maneno hayo yarudie juu ya kila karatasi ya saini, maana karatasi yenye majina matupu ni rahisi kuikana. Chini yake weka jina, anwani ya nyumba, saini na tarehe.

Kusanya zaidi ya kiwango. Kinachotakiwa ni asilimia 20 ya kura zote za mtaa. Mtaa wa viwanja 150 unahitaji 30. Wewe usisimame kabla ya 38, kwa kuwa chache zitakatwa tu. Nyumba iliyo chini ya jina la kampuni au amana (trust) isainiwe na mwenye mamlaka, aandike na cheo chake.

Peleka kwa anayepaswa kupokea. Ukimwachia meneja wa mtaa peke yake, ombi linaweza kulala mezani kwake. Tafuta jina la chama kwenye Sunbiz, tovuti ya jimbo la Florida ya kusajili kampuni na vyama, uone wakala wao wa kupokea nyaraka, umtumie nakala yeye na katibu wa bodi, kwa risiti. Nakala halisi baki nazo.

Tangu siku ya kupokelewa, bodi ina siku 60 kulijadili jambo hilo kikaoni, na wanachama wote wapewe notisi ya siku 14. Kila mwanachama ana haki ya kuzungumza walau dakika 3, ila kama kuna karatasi ya kujiandikisha, jiandikishe kabla ya kikao. Jueni mapema: sheria inailazimisha bodi kulijadili ombi, haiilazimishi kulikubali.

Wakikataa. Asilimia 10 ya kura zinatosha kuitisha mkutano maalumu wa wanachama, isipokuwa kanuni zenu ziwe zimetaja kiwango kingine. Mtajadili tu kilichoandikwa kwenye notisi.

Njia nzito zaidi ni kuwaondoa wajumbe wa bodi kwa makubaliano ya maandishi, bila mkutano. Inahitaji zaidi ya nusu ya kura zote za mtaa, si za waliojitokeza. Kila mjumbe apigiwe kura yake peke yake kwenye fomu. Mkiwajumlisha pamoja, mmewapa sababu ya kuikataa. Mkitaka kuondoa wengi wa bodi, fomu itaje wagombea mbadala wasiopungua idadi ya wanaoondolewa, kwa hiyo watafuteni hao kabla ya kugonga mlango wa kwanza. Saini hufa baada ya siku 120. Bodi ikishapokea fomu, ina siku 5 kamili za kazi kuketi. Isipoketi, wajumbe hao wamekwisha kuondoka.