Somo: Kutafuta Maelekezo ya Kufuma Mtandaoni kwa Kuanzia na Uzi Ulio Nao

Ndugu wafumaji, wengi wetu huvutiwa kwanza na picha ya sweta, kisha tukazunguka madukani kutafuta uzi wake. Napendekeza tuanze na uzi uliomo kapuni, ndipo tutafute maelekezo yanayoufaa. Tovuti inayotufaa zaidi kwa njia hii ni Ravelry, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2007. Kujiunga nayo ni bure.

Hatua ya kwanza ni kuupima uzi. Ikiwa lebo yake imepotea, au umeusokota mwenyewe, uzungushe kwenye rula, nyuzi zigusane bila kubanana, kisha uhesabu mizunguko iliyomo ndani ya inchi moja. Mizunguko 14 ni uzi mwembamba uitwao fingering, 11 ni uzi wa kati uitwao DK, na 9 ni uzi mnene zaidi uitwao worsted. Yaandike majina hayo kama yalivyo, maana ndiyo utakayoyakuta huko.

Hatua ya pili, fungua sehemu ya kutafuta maelekezo, uchague sindano au kroshia, unene wa uzi wako, urefu wake, na maelekezo ya bure.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kutazama kazi za waliokwisha kufuma vazi hilo. Hapo utaona picha za sweta zilizovaliwa na watu wa maumbo mbalimbali, na utasoma nani alipungukiwa uzi na wapi shingo ilibana. Mimi huthamini maelezo hayo kuliko picha ya mbunifu mwenyewe.

Hatua ya nne, hakiki namba ya sindano. Sindano nilizorithi kwa mama zimechorwa 8 kichwani. Kwa vipimo vya zamani vya Uingereza hiyo ni milimita 4, ilhali namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Fuata milimita daima.

Mwisho, fuma sampuli, yaani kipande kidogo cha majaribio, uifue, uikaushe, kisha uhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Maelekezo yakitaka 22 nawe ukapata 20, sweta ya kifua cha sentimita 100 itatoka na 110.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, lakini Kiingereza kinanishinda. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Chagua maelekezo yenye mchoro wa alama, kwani alama husomeka bila maneno. Tazama pia Antique Pattern Library, maktaba ya mtandaoni ambako vitabu vya zamani vya ufumaji hupakuliwa bure. Ukikutana na vifupisho, kumbuka kwamba dc (double crochet, aina ya kitanzi cha kroshia) ya Marekani si dc ya Uingereza: ya Marekani ni ndefu zaidi. Ukiona sc (single crochet), kwa kawaida maelekezo hayo ni ya Kimarekani.

*Mwalimu, je, naweza kuuza sweta niliyofuma kwa maelekezo ya bure?*

Soma masharti ya mbunifu kwenye ukurasa wake, na yasipoeleweka mwandikie ujumbe wa heshima. Maelekezo yenyewe usiyachapishe wala kuyauza, hata kama uliyapata bure, kwa kuwa ni jasho la mwenzetu.

*Dada, mbali na Ravelry, kuna jarida la bure?*

Lipo, ndugu yangu. Knitty limekuwa likitoa maelekezo bure mtandaoni tangu mwaka 2002, na matoleo yake ya nyuma bado yanasomeka.